Jiwe la Mizani

Kaka yangu alikataa kurudi hospitali, na hakusema anaogopa dawa. Alisema anaogopa barabara.

"Dawa naiweza," alisema. "Sindano naiweza. Hata yule nesi anayenitafuta mshipa kama anatafuta funguo gizani, namuweza. Lakini lile tuta la mbele ya shule, mdogo wangu, na yale mashimo ya sokoni, hapana. Nimemaliza."

Alikuwa amelala ubavu, uso kaelekeza dirishani. Shemeji, mkewe, alisimama mlangoni na beseni mkononi, akaniangalia kama anayesema: haya, wewe ndiye ndugu, sema naye. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kila wiki, kwa hiyo nilijua. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alishika ukingo wa mlango na kufumba macho. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Watu walisema tafuteni gari jingine. Tulitafuta. Nilimwomba mteja wangu mmoja gari lake jipya, laini kama godoro. Lakini magari ya siku hizi unayaingia kama unaingia uvunguni: unainama, unajikunja, unajitupa chini. Mgongo wa kaka haukuwa wa kukunjika tena. Tulihangaika pale mlangoni mpaka jasho likamtiririka, akasema, "Nirudisheni kwa Bibi."

Bibi lilikuwa gari lake. Tuliliita hivyo kwa sababu ya umri wake. Taa za mviringo, bampa za kung'aa, milango mipana, na kiti cha mbele kimoja kirefu kama kochi. Ndani yake unakaa juu, miguu chini, kama umekaa mezani unasubiri chakula. Ndilo gari pekee ambalo angeweza kuingia bila kukunjika. Ila lilikuwa limechoka. Nyuma lina springi za majani ya chuma, kunarusha kama punda. Mbele springi zilikuwa zimelala kabisa, zimeegemea mpira wa chini wa kuzuia kugonga, na kila tuta lilipita moja kwa moja mpaka kwenye kiti.

"Nipe muda kidogo," nikamwambia. "Nitambadilisha Bibi miguu ya mbele."

"Ameanza huyo."

"Nikishindwa, usiende. Nikiweza, utakwenda."

Kisha akasema, "Ukubwa jalala. Hata kuumwa sasa naumwa ili wewe upate kujaribu vyuma vyako."

Kwake yeye huko ndiko kukubali.

Gereji yangu na nyumba yake vinatumia ua mmoja. Dirisha la chumba chake linatazama pale pale ninapofanyia kazi, kwa hiyo kazi yote ile aliisimamia yeye akiwa kitandani. Nililiingiza gari chini ya bati, nikalipandisha kwenye vigingi vya chuma, nikatoa magurudumu ya mbele, nikaita jirani yangu Cheche. Cheche ni mkereza vyuma. Jina hilo alilipata kwa sababu hajawahi kuvaa shati lisilo na matundu ya moto.

Kwenye gari la aina ile springi ya mbele inakaa peke yake, imebanwa kati ya mkono wa chini wa gurudumu na kikombe cha chuma kilichoko kwenye chesesi, ule uti wa mgongo wa gari. Shokapu iko kando, nyembamba, kazi yake kuituliza springi isiendelee kucheza. Nilitaka kuzitoa zote mbili na kuweka kitu kimoja: shokapu nene iliyovaa springi mwilini mwake, na chini ya springi pete ya chuma. Pete hiyo ukiizungusha kwa spana ya ndoano, gari linapanda au linashuka upande ule. Pea moja nilikuwa nayo, imetoka kwenye gari la mashindano lililobingirika. Springi zake zilikuwa ngumu za mbio, lakini springi zinabadilishwa. Unachagua kufuatana na uzito itakaoubeba. Nilikuwa na sanduku zima la springi ndogo za kuchagua.

Springi ya zamani si kitu cha kuchezea. Ikichomoka inaweza kuondoka na kichwa cha mtu. Nikaifunga mnyororo, nikaweka jeki chini ya mkono wa gurudumu, nikafungua na kushusha kidogo kidogo mpaka ikaisha nguvu.

"Mfungie na huyo Cheche mnyororo," sauti ikatoka dirishani, "asije akakimbia kazi."

"Mizani, lala!" Cheche akajibu, akimwita kaka kwa jina lake la kazini. "Huku kuna shughuli ya wanaume."

"Wako wapi? Mbona siwaoni?"

Nikamsikia shemeji akicheka ndani. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

Tulibishana na Cheche kuhusu kiti cha juu cha shokapu, pale inapofungwa. Yeye alitaka tuifunge kwenye tundu lile lile la shokapu ya zamani. "Tundu lipo, boliti ipo, unataka nini tena?" Nikamwambia tundu lile lilitengenezwa kubeba mtikisiko. Sasa litabeba gari. Lile bati jembamba litachanika kwenye shimo la kwanza tu, na atakayekuwa amekaa juu yake ni kaka yangu. Cheche akaniangalia kidogo, akachukua grinda. Tulikata bamba la chuma kinene, tukalilaza ndani ya kikombe, tukalishikisha ukuta wa huku na ukuta wa huku, tukaliwekea mbavu. Nikalehemu ndani na nje. Likapoa lenyewe, sikulimwagia maji. Nikaligonga kwa nyundo nisikilize mlio. Kisha nikaunyanyua na kuushusha mkono wa gurudumu bila springi, kuona kama kuna kitu kinagusa kitu. Mpira wa breki ulikuwa mfupi, nikaweka mrefu zaidi.

Kila kitu nilikifanya kama inavyotakiwa. Nasema hivi kwa sababu ya kilichofuata.

Gari hulipimi likiwa tupu. Ukishafunga shokapu za namna ile unazungusha zile pete mpaka gari lisimame sawa, na lazima lisimame sawa likiwa na watu wake ndani. Watu hawawezi kukaa humo kutwa nzima ukihangaika chini, kwa hiyo unaweka magunia ya mchanga kwenye viti. Kila gunia na uzito wa mtu wake.

Uzito wa kaka haukuwa jambo la kuuliza. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye ghala la nafaka, kwenye ile mizani kubwa ya kusimama. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, alipanda mwenyewe. Kilo mia na nne. Siku mizani iliposema pungufu, au iliposema zaidi, hakusema amekonda wala amenenepa. Alimwita fundi wa mizani, na fundi alipokuja alikuta kweli mashine imekosea. Wenzake wakamwita Jiwe la Mizani, baadaye ikabaki Mizani tu. Hata wakulima wagomvi, wale wanaoamini kila ghala linaiba, walikuwa wakisema, "Apande Mizani kwanza tuone." Anapanda, mshale unasimama palepale, wanatulia.

Basi sikufikiri. Nilijaza gunia langu na gunia lake, nikayapeleka ghalani kuyapima kwenye mashine ileile. Mtu aliyeshika nafasi yake akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia anaendelea vizuri.

Nikayaweka magunia kwenye kiti, langu kwenye usukani, lake kwa abiria. Nikachagua springi, nikazungusha pete. Bibi akasimama sawa kama maji kwenye sinia. Nikalitazama gari lile kwa mbele, nikajiambia, kaka atapona. Najua vyuma haviponyi mtu. Lakini nilijiambia hivyo.

Siku ya kwenda, shemeji alimnyanyua kitandani akamtoa mpaka garini. Siku zote yeye ndiye aliyemnyanyua. Mimi nilifungua mlango, nikashika mto, nikapanga blanketi. Kila mara nilikuwa na kitu kingine cha kushika.

Kwenye lami nzuri gari lilikwenda kama linateleza kwenye mafuta. Nikamtupia jicho. Akawa ametulia, mkono juu ya goti. Tukafika sokoni. Shimo la kwanza, upande wake, ngo! Haukuwa mlio wa kugonga chini. Ulitoka juu. Gurudumu lilipodondoka shimoni, shokapu ilifika mwisho wa urefu wake na kugonga kwa chuma. Shimo la pili vilevile. Kwenye tuta la shule gari lilipanda vizuri, kisha upande wake ukarusha. Kaka akachukua taulo lililokuwa begani, akalitia mdomoni, akaliuma. Shemeji, nyuma, alishika bega lake na kuanza kusema pole, pole, pole, mpaka tukafika.

Tuliporudi nyumbani na kumlaza, aliniita.

"Umejitahidi," akasema.

Kaka yangu hajawahi kunisifu. Nilipofungua injini yangu ya kwanza alisema hata mbuzi angeweza akipewa spana. Niliposikia "umejitahidi" nikajua amekata tamaa kabisa.

"Wiki ijayo tutakwenda vizuri," nikasema.

"Wiki ijayo siendi."

Nilitoka pale nikafungua kila kitu. Nikatoa shokapu, nikazikandamiza kwa mikono, nikazisikiliza. Nzima. Nikatazama sehemu nilizolehemu. Nzima. Nikamwendea Cheche nikamwambia bushi alizokereza kushika ncha za shokapu ni pana, boliti zinacheza ndani, ndizo zinazogonga.

"Bushi zangu?" akasema. "Weka kidole. Weka! Kuna mahali pa kucheza hapo hata ukucha?"

Hakukuwa na mahali.

"Basi boliti."

"Boliti ulinunua wewe." Akanitazama usoni, akashusha sauti. "Fundi, nenda kalale." Nilipogeuka nikamsikia akijisemea, "Mfa maji haachi kutapatapa."

Nikarudisha vyuma mahali pake, nikashusha gari chini, nikakaa kwenye ndoo nikilitazama. Hapo dirisha likaita.

"Wewe! Njoo."

Nikaenda nikasimama nje, viwiko dirishani.

"Nilipoingia kwenye gari," kaka akasema, "halikushuka."

"Halikushuka vipi?"

"Miaka yote nikiingia Bibi anashuka. Anaguna kidogo, anashuka, ananijua. Safari hii nimekaa, kimya. Kama hajaniona. Ulilipima na nini?"

"Na gunia."

"La kilo ngapi?"

Hakuhitaji jibu. Alifumba macho, nikadhani ni maumivu, kumbe anacheka.

"Lilete," akasema. "Na mimi nitoe nje. Nataka kumwona huyo mtu."

"Shemeji ameenda duka la dawa. Akirudi atakutoa."

"Shemeji yako amenibeba vya kutosha. Utanibeba wewe."

Nikaingia ndani. Nikaweka kiti uani, nikatandika mito kwenye kiti, nikarudi, nikatafuta viatu vyake, nikaviweka kando ya kiti. Nikaishiwa vitu vya kushika. Nikainama, nikapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine nyuma ya mabega, nikajiandaa kama ninavyojiandaa kunyanyua kitu kizito: miguu nimepanua, pumzi nimebana, mgongo nimekaza. Nikanyanyua, na nusura nimrushe darini.

Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimebeba mlango wa gari uliotolewa kioo.

"Umeona?" akasema karibu na sikio langu.

Nikampeleka uani nikamkalisha. Nikaenda kwenye gari nikalivuta lile gunia kwa mabega yote mawili, nikaja nalo nikihema, nikalisimamisha mbele yake. Likakaa pale, limejaa, limefungwa shingo kwa kamba. Lilikuwa limenenepa kuliko yeye mara mbili. Akalitazama kwa muda. Akanyoosha mguu akaligusa kwa kidole gumba.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi wa lini?"

Cheche alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana yake. Akageuka akaingia ndani. Mashine yake ikanyamaza.

"Ulinipima kwa uzito wa zamani," kaka akasema. "Springi imewekewa mtu mnene, akaja mwembamba. Itamsikiaje? Imesimama juu tu, ikipata shimo haina pa kwenda. Hata mimi ambaye si fundi naona."

"Hospitali wana mizani. Nitauliza wameandika ngapi."

"Mizani gani? Mizani ni mimi. Nibebe, halafu mbebe yeye. Mikono yako itakwambia."

"Kaka, utaumia."

"Naumia nikiwa nimelala. Fanya kazi."

Nikambeba, nikamrudisha kitini. Nikalibeba gunia. Nikafungua kamba, nikachukua kopo tupu la rangi, nikachota mchanga nikaumwaga chini, kopo moja. Nikafunga.

"Punguza," akasema.

Nikachota tena.

"Wewe unachota kama unatoa sadaka kwa mtu usiyempenda. Punguza!"

Nikachota. Kila mara nilimbeba yeye, kisha gunia. Kila mara yeye alikuwa mwepesi na gunia lilikuwa zito. Mchanga ulikuwa mkavu, ulitoka kwenye kopo bila sauti. Ikafika mahali nikasema, "Hapa sasa tumefika." Hatukuwa tumefika. Mikono yangu ilijua.

"Usinipendelee," akasema. Hakuwa anatania tena. "Pale ghalani watu walinijia na vocha, na kuku, na dada zao, ili nizidishe kidogo tu. Sikuzidisha. Usije ukaanza wewe na mimi."

Nikachota. Nikachota tena, sasa sikuwa naona vizuri ninachochota, nikawa nafuta uso kwa mkono wenye mchanga na grisi. Hakusema nisilie. Alingoja, kama alivyokuwa akingoja mkulima amalize kulalamika.

Mwishowe nikambeba yeye, nikalibeba gunia, na mikono haikuona tofauti.

"Hapo," nikasema.

"Una hakika?"

"Hapo."

Gunia lilikuwa limelegea, limeinama upande kama mtu anayesinzia. Pembeni yake, chini, kulikuwa na lundo la mchanga. Sikutegemea kama lingekuwa kubwa vile. Kaka akalitazama lile lundo, kisha gunia, kisha lundo tena.

"Huo uliobaki," akasema, "mwagia yale mafuta yaliyomwagika pale mlangoni kwa Cheche, kabla mtu hajateleza akavunjika."

Nikachukua sepeto nikafanya alivyosema. Shemeji alirudi akatukuta hivyo, mumewe kitini juani na mimi namwaga mchanga. Akatazama gunia, akamtazama yeye. Akampangusa vumbi miguuni kwa khanga yake, akamvalisha viatu.

Nilibadilisha springi ya upande wake, nikaweka laini ambayo fundi mwenye akili asingeiweka kwenye gari la ukubwa ule. Nikashusha pete. Nikaweka gunia lililolegea mahali pake, na langu mahali pangu. Bibi akasimama sawa.

"Mara hii moja," kaka akasema. "Likigonga, usinisumbue tena."

Tulikwenda. Alipokaa kitini, gari lilishuka. Kidogo tu, na likaguna. Akanitupia jicho. Akaweka mkono juu ya dashibodi akaipapasa.

Sokoni nilishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Mashimo yalipita chini yetu. Gurudumu liliingia na kutoka, nililisikia, lakini lilibaki na habari zake huko chini. Tukaendelea. Shemeji alikuwa amemshikia kikombe cha chai ya moto ya kumezea vidonge, akampa.

"Utamwaga," nikasema. "Subiri tuta."

"Tuta lipi?" kaka akauliza.

"La shule."

"Tumeshalipita," shemeji akasema kwa nyuma, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya msichana.

Kaka akatazama kikombe. Kilikuwa kimejaa. Akanywa.

Sijawahi kufurahia kazi yangu kama siku ile. Niliegesha mbele ya hospitali nikapiga honi bila sababu, mlinzi akanikaripia, nikamwomba radhi nikicheka. Nilikuwa nimeshapanga kichwani wiki ijayo, na ile inayofuata, na mwezi ule wote. Barabara nimeishinda. Kilichobaki ni dawa kufanya kazi yake.

Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Alitukalisha sote, akavuta kiti chake akakileta upande wetu wa meza. Nilipoona amehama upande nikajua. Akamwambia kaka, siyo sisi, kwamba dawa haisaidii tena. Inamchosha tu. Atampa za kutuliza maumivu, azinywee nyumbani. Hakuna haja ya kumsumbua na safari za kuja huku.

Shemeji alikuwa ameshika kile kikombe kitupu mapajani.

"Daktari," kaka akasema, "hilo ungeniambia kabla huyu hajanikatia chesesi."

Daktari hakuelewa. Kaka akamshika mkono akamshukuru.

Njiani kurudi nilikuwa naendesha vibaya, nakanyaga breki ovyo. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata taa za barabarani. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani kaka akasema, "Usikate. Nenda moja kwa moja."

"Wapi?"

"Popote. Zunguka."

Nikazunguka. Nikapita sokoni tena, kwenye mashimo yote, nayatafuta sasa badala ya kuyakwepa. Nikafika shuleni nikalipanda tuta. Mbele nikageuza gari, nikalipanda tena. Kaka alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, macho wazi, anatazama barabara inavyokuja. Tulikwenda na kurudi juu ya lile tuta mpaka mlinzi wa shule akatoka nje akasimama mikono kiunoni, akidhani tumerukwa na akili. Kaka akampungia mkono.

"Sasa umenipima sawa," akasema.

Halafu akalala usingizi, palepale, kinywa wazi, kichwa kinacheza taratibu na gari. Niliendesha mpaka mafuta yakakaribia kwisha, kwa sababu shemeji alisema tusimwamshe.

Alikufa kabla mvua hazijaanza. Kwenye mazishi nilikuwa miongoni mwa tuliobeba jeneza, sisi na watu wa ghalani. Waliomjua zamani walipanua miguu na kukaza migongo kabla ya kunyanyua, na jeneza liliponyanyuka wakayumba, wakatazamana. Mimi sikukaza. Nilijua.

Bibi niliachiwa mimi. Nikiliendesha peke yangu linainamia upande wangu, linavuta usukani, kwa sababu upande wa abiria umewekewa mtu na mtu hayupo. Ni kazi ndogo kurekebisha. Spana ya ndoano imening'inia ukutani kwenye msumari wake, pete mbili, unazungusha, umemaliza. Cheche alishaniambia zaidi ya mara moja. Siku moja mafuta yalimwagika kwake akaja mbio, akatia mkono kwenye lile gunia lililolegea achote mchanga. Nilimwambia neno ambalo siliandiki hapa. Akauondoa mkono wake taratibu. Tangu siku hiyo haniambii tena habari za pete.

Nikienda mahali, naliweka gunia kwenye kiti cha mbele. Gari linakwenda sawa.

Juzi shemeji alinijia uani amevaa vizuri, kapu mkononi, akaniomba nimpeleke sokoni. Hajapanda gari lile tangu siku ile ya kuzunguka. Nikasema twende. Akafungua mlango wa mbele upande wa abiria, akasimama.

Nilikuwa nimesahau kulitoa. Lilikuwa limekaa pale, limelegea, limeinamia mlango.

"Ngoja nilitoe," nikasema, nikaanza kuzunguka gari.

"Liache."

"Ni mchanga tu, shemeji."

"Nimesema liache."

Akalisukuma kidogo kwa kiganja, likakaa sawa, lisije likaanguka. Akafunga mlango polepole kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa. Akafungua wa nyuma, akaingia, akaweka kapu magotini.

"Huko nyuma kunarusha," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Washa gari, twende."